Kuchagua simbali za dramu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kamusi zinaziita matoazi, wapigaji wengi wanasema simbali, na hapa tunawafuata wapigaji. Ngozi ya ngoma unaweza kuikaza au kuilegeza mpaka ikupe sauti unayoitaka. Simbali haina skrubu ya kurekebishia: mlio iliyotoka nao kiwandani ndio utakaoishi nao, kwa hiyo kazi yote iko kwenye kuchagua.

Ndiyo kwanza naanza. Nahitaji simbali ngapi?

Stendi tatu, sahani nne: haihati (ambayo ni jozi), krashi moja na raidi moja; kazi ya kila moja iko kwenye swali linalofuata. Vipimo vinavyokubaliana na karibu kila muziki ni haihati ya inchi 14, krashi ya inchi 16 au 18, na raidi ya inchi 20. Splashi, chaina na krashi ya pili zinaweza kusubiri hata mwaka mzima bila wimbo wowote kuharibika.

Fedha zikiwa chache, zipeleke kwenye haihati kwanza, kisha raidi, krashi iwe ya mwisho. Wanaoanza wengi hufanya kinyume chake kwa sababu krashi ndiyo inayosikika kwa kishindo dukani. Lakini krashi utaigonga mara moja kila baada ya mistari kadhaa, wakati haihati inalia karibu kila pigo la wimbo. Krashi mbaya inavumilika. Haihati mbaya inakera kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho, na hakuna mahali pa kuificha.

Ipo pia krashi-raidi, ya inchi 18 au 20, isiyo nene sana, inayofanya kazi zote mbili. Haihati nzuri pamoja na krashi-raidi moja ni mwanzo mzuri kuliko pakiti ya simbali nne za bei ya chini. Udhaifu wake ni kwamba kengele yake (ile nundu ya katikati) huwa haina nguvu, na ukipiga mfululizo kwa ncha ya kijiti mvumo hujaa na kufunika mapigo.

Kila aina ina kazi gani hasa?

Haihati ni sahani mbili zinazotazamana, zinazofunguliwa na kufungwa kwa pedali. Hiyo ndiyo saa ya wimbo. Raidi nayo hushika mapigo, ila kwa mlio mpana zaidi, mara nyingi kwenye kiitikio au solo. Krashi ni ya kuweka alama: mwanzo wa kiitikio, mwisho wa mzunguko, mkazo pamoja na ngoma ya besi. Splashi ni krashi ndogo ya inchi 8 hadi 12, inayolia na kunyamaza upesi. Chaina ina ukingo uliokunjwa kuelekea upande wa pili na hutoa mlio mkali wenye mikwaruzo kama wa upatu uliopasuka.

Majina haya yanaelekeza tu. Raidi nyembamba ya inchi 20 ukiigonga ukingoni kwa bega la kijiti (pale kinapoanza kupungua unene kuelekea nchani) ni krashi tosha, na wapigaji wa jazi hufanya hivyo kila siku.

Inchi zinabadilisha nini?

Simbali kubwa hutoa sauti nzito zaidi, yenye nguvu zaidi, na hukawia zaidi kunyamaza. Vilevile huchelewa kidogo kufunguka, yaani kutoa mlio wake wote, baada ya kugongwa. Krashi ya inchi 16 (sentimita 40.6) hulipuka na kuisha, ya inchi 18 (sentimita 45.7) hulipuka na kubaki hewani. Kama muziki wako una mikazo mingi ya karibu karibu, ya inchi 18 nene itakuchafulia: mlio wa kwanza utakuwa haujaisha wa pili unapoingia.

Na unene? Nyembamba si itavunjika haraka?

Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha. Kwanza, sauti. Lugha yetu inatutega: tunasema sauti nyembamba tukimaanisha ya juu, lakini simbali nyembamba ndiyo yenye sauti nene. Chukua sahani mbili za kipenyo kimoja na umbo moja. Iliyo nene zaidi italia juu zaidi, itahitaji nguvu zaidi ili ifunguke, na itadumu zaidi kulia. Nyembamba hufunguka hata kwa mguso mwepesi, hujaa haraka na kuondoka haraka.

Pili, kuvunjika. Simbali nyembamba hupinda inapogongwa na kurudi mahali pake. Krashi nene haipindi kirahisi, haifunguki mpaka uipige kwa nguvu, kwa hiyo mpigaji huongeza nguvu wimbo hadi wimbo, na mwishowe ukingo unapasuka. Mtu anayevunja krashi mara kwa mara mara nyingi hahitaji krashi nene zaidi. Anahitaji kipenyo kikubwa zaidi chenye unene wa kati, ambacho kinampa sauti kubwa bila kukishambulia.

Kwa kipimo cha mizani, krashi nyembamba ya inchi 16 huwa karibu na gramu 900 hadi 1,000, na ya inchi 18 nyembamba hadi ya wastani gramu 1,300 hadi 1,500. Raidi ya inchi 20 ya wastani ni kama kilo 2 na kidogo. Raidi ya inchi 22 nyepesi inacheza kwenye kilo 2.2, ilhali nzito inafika kilo 3. Neno lililoandikwa juu ya simbali, kwamba ni nyembamba au ya wastani, halina kipimo kimoja kwa kampuni zote, na hata ndani ya modeli moja sahani hutofautiana. Mizani ya jikoni inasema ukweli zaidi.

B20, B8 na shaba ya manjano ni nini?

Ni mchanganyiko wa madini. B20 ni takriban asilimia 80 shaba na asilimia 20 bati. B8 ni asilimia 92 shaba na 8 bati. (Bati hapa ni madini yenyewe, si yale mabati ya kuezekea.) Kati yao zipo B10 na B12. Shaba ya manjano haina bati. Ni shaba na zinki.

B20 ni ngumu na ni rahisi kuvunjika ikiwa haijapikwa vizuri. Hupashwa moto sana, hupitishwa kwenye roli, kisha hutumbukizwa majini ili ilainike vya kutosha kugongwa nyundo. Kazi hiyo ndefu ndiyo inayopandisha bei. Matokeo yake ni mlio wenye matabaka mengi, unaobadilika kulingana na nguvu ya mkono. B8 kwa kawaida hukatwa kutoka bamba lililokwisha kutandazwa. Mlio wake ni wa moja kwa moja, mkali, na sahani za modeli moja hufanana zaidi.

Usidhani B8 ni takataka. Mfululizo wa 2002 wa Paiste, uliotoka mwaka 1971 na kusikika kwenye roki nyingi mno, ni wa B8. Kinachofanya simbali nyingi za B8 zidharauliwe ni kwamba kampuni hutumia bamba hilo pia kwa bidhaa za bei ya chini, na kuzigonga kwa mashine haraka haraka. Shaba ya manjano ni hadithi nyingine: mlio wake ni mfupi, mkavu, unaokaribia sufuria. Inafaa kujifunzia vidole na miguu. Ukianza kupiga mbele ya watu, hiyo ndiyo itakuwa ya kwanza kubadilishwa.

Mifereji na alama za nyundo zina maana yoyote?

Zina maana. Ile mifereji myembamba ya mduara huchongwa kwa mashine na kupunguza unene. Simbali iliyochongwa huwa na mlio angavu (sauti za juu husikika zaidi) na hufunguka vizuri. Isiyochongwa, ile ya rangi ya udongo, huwa kavu, na kila pigo la kijiti husikika peke yake. Mashimo makubwa ya nyundo yasiyopangika hutia giza (sauti za chini huzidi) na ukali ndani ya sauti. Mashimo yaliyopangwa sawasawa hutoa mlio safi zaidi. Rangi ya kung'aa kama kioo nayo inaweza kubadilisha mlio kidogo, ila usinunue kwa sababu hiyo.

Haihati: ipi inakaa juu, ipi chini?

Nzito chini. Jozi nyingi zina maandishi ya kuonyesha juu na chini, na yakishafutika pima kwa mizani. Kwa inchi 14, ya juu mara nyingi iko chini kidogo ya kilo moja na ya chini iko juu ya kilo moja. Ya chini ikiwa nzito, mlio wa pedali huwa na meno. Ukitaka mlio laini zaidi unaweza kuzigeuza, hakuna sheria inayovunjwa.

Inchi 13 hulia juu na kufunga haraka, nzuri kwa mapigo ya kasi. Inchi 15 ni nzito na pana, hupendeza zikiwa nusu wazi. Inchi 14 iko katikati na ndiyo rahisi kuiuza ukibadili mawazo.

Unapojaribu jozi, fanya mambo manne kwa mpangilio huu. Bonyeza pedali bila kijiti na usikilize kama mlio ni mkavu na uko wazi. Piga ukiwa umefunga kabisa, kwa ncha ya kijiti, karibu na katikati ya mgongo (eneo kati ya kengele na ukingo). Legeza mguu kidogo kidogo huku ukiendelea kupiga, usikilize mlio unavyopanuka. Mwisho fungua kabisa na ugonge ukingo. Jozi nyingi hufaulu la pili na la nne. La kwanza na la tatu ndiyo yanayotenganisha nzuri na za kawaida.

Pedali ya haihati yangu inatoa pumzi badala ya mlio. Kwa nini?

Hewa imenaswa katikati. Sahani mbili zikikutana sawasawa pande zote, hewa haina pa kutokea na unasikia kitu kama mtu anayepuliza mshumaa. Chini ya sahani ya chini, kwenye kikalio chake, kuna skrubu ndogo ya kuinamisha. Izungushe mizunguko miwili mitatu mpaka sahani ilale upande kidogo tu. Jicho lisilotazama kwa makini halitaona. Nafasi kati ya sahani mbili mguu ukiwa juu iwe kama sentimita 1 hadi 2. Halafu angalia kishikio kinachobana sahani ya juu: ukikaza felti (vile visahani vya kitambaa kinene) mpaka zimebanana, sahani haitikisiki na mlio unakufa. Iache icheze kidogo. Zipo pia sahani za chini zenye matundu au ukingo wa mawimbi, zilizotengenezwa ili hewa itoke.

Raidi nzuri naitambuaje?

Piga mfululizo kwa ncha ya kijiti, kwa kasi ya wimbo unaoupiga kila mara, kwa dakika nzima. Dakika nzima kweli, si mapigo matano. Kila simbali hulia vizuri kwa mapigo matano. Baada ya sekunde thelathini mvumo umejaa, na hapo ndipo utajua kama kila pigo bado linasikika au limemezwa. Kisha hamia kwenye kengele kwa bega la kijiti: mlio wake utoboe, usiwe tu sauti ileile iliyoongezwa nguvu. Kengele kubwa hutoa sauti kubwa zaidi na huongeza mvumo wa sahani nzima.

Kwa jazi na muziki wa utulivu, chagua nyepesi ya inchi 20 au 22. Kwa muziki wa magitaa ya umeme na spika kubwa, nzito zaidi, yenye kengele inayosikika. Kuna raidi isiyo na kengele kabisa, bapa, ambayo hubaki na mapigo matupu na mvumo mdogo sana. Ni tamu kwenye chumba kidogo. Jukwaani penye kelele huisikii.

Kabla ya kuilaumu raidi, badilisha kijiti. Ncha ya nailoni hutoa mlio mkali ulio wazi, ncha ya mbao huupunguza. Ncha ndogo ya duara hutenganisha mapigo, ncha kubwa huyajaza. Hiyo ni tofauti ya fedha kidogo sana.

Nikinunua krashi mbili, zitofautiane vipi?

Inchi mbili, na ziwe za mfululizo mmoja au unaokaribiana: 16 na 18, au 17 na 19. Tofauti ya inchi moja kwa kawaida haitoshi masikio ya msikilizaji aliye mbali kuitambua. Zigonge moja baada ya nyingine kisha kwa pamoja. Zikigombana, utasikia mawimbi yanayotetemeka yasiyopendeza.

Chaina na splashi naziweka lini?

Ukishajua wimbo gani unazihitaji. Chaina hasa huchosha haraka. Watu wengi huifunga kichwa chini ili kijiti kigonge mkunjo badala ya makali ya ukingo, jambo linaloilinda pia. Splashi ni nyembamba na huvunjika kwa kupigwa kama krashi. Iguse kwa ncha.

Chumba changu ni kidogo na kuta ni tupu. Nifanye nini?

Nunua nyembamba, na usinunue kubwa sana: haihati 14 nyepesi, krashi 16, raidi 20 nyepesi au bapa. Simbali nene kwenye chumba cha kuta ngumu huumiza masikio na kufunika waimbaji. Kwa mazoezi ya nyumbani zipo simbali zilizotobolewa matundu mengi madogo, ambazo sauti yake ni ndogo sana. Mkono unapata mwitikio unaokaribia ule wa simbali ya kweli, ila hazifai jukwaani.

Mlio ukizidi kudumu, bandika kipande cha utepe wa kitambaa chini ya sahani, urefu wa sentimita 3 hadi 5, kati ya kengele na ukingo. Anza na kimoja. Kadiri unavyokisogeza ukingoni ndivyo kinavyokata zaidi.

Dukani nijaribu vipi?

Nenda na vijiti vyako, na kama inawezekana ubebe simbali ulizo nazo ili usikie zinavyokaa pamoja. Omba sahani mbili au tatu za modeli ileile, kwa sababu hazitalingana. Gonga kwa upole, kwa wastani, kisha kwa nguvu. Halafu mwombe mtu mwingine apige huku wewe umesimama hatua sita au saba mbele. Simbali inayokutoboa sikio ukiwa umekaa nayo karibu inaweza kuwa tamu huko mbele, na ile inayopendeza kwenye kiti ikapotea kabisa.

Rekodi za mtandaoni zinasaidia kupunguza orodha. Zisikuamulie, kwa sababu maikrofoni na mchanganyaji wa sauti nao wamechangia.

Naweza kuchanganya kampuni?

Bila shaka. Zildjian, iliyoanza Constantinople mwaka 1623 na sasa iko Marekani. Sabian ya Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1981 na Robert Zildjian wa ukoo huohuo. Paiste ya Uswisi. Meinl ya Ujerumani. Istanbul Agop na Istanbul Mehmet za Uturuki: zote zina simbali angavu na zenye giza, nyembamba na nene. Masikio hayasomi nembo. Kinachogongana ni tabia: haihati ya shaba ya manjano kando ya raidi ya sauti ya giza iliyogongwa kwa mkono itasikika kama mgeni aliyekosea nyumba.

Simbali iliyotumika nikague wapi?

Haya ndiyo manunuzi yenye faida kubwa, kwa sababu simbali nzima haichakai kama ngozi ya ngoma. Kaa kwenye mwanga na pitisha ukucha kuzunguka ukingo wote, juu na chini. Ufa mdogo utaukwaruza ukucha kabla jicho halijauona. Pinda ukingo kidogo kwa vidole, ufa uliojificha utafunguka. Angalia tundu la katikati: liwe duara. Likiwa limevutwa upande mmoja kama tundu la ufunguo, simbali imepigwa muda mrefu juu ya chuma kitupu, na nyufa huanzia hapo. Kagua mizizi ya kengele, pale inapokutana na mgongo. Mwisho ishike kwa kidole kwenye tundu na uigonge taratibu. Mtetemo mkavu kama wa karatasi maana yake kuna ufa, hata kama hujauona.

Ufa wa kengele au unaofuata mfereji kwa mduara, achana nayo hata kwa bei ya kutupa.

Kwa nini zangu zinapasuka?

Mara nyingi si kiwanda. Kwenye stendi mpangilio kutoka chini ni: kisahani cha chuma, felti, mrija wa plastiki unaofunika skrubu, simbali, felti ya pili, nati. Mrija ukipotea, na hupotea kila wakati, chuma kinakula tundu. Kata kipande cha bomba laini la plastiki ukivike. Mpaka utakapopata mrija halisi kitatosha. Nati isikazwe: ukiisukuma simbali kwa kidole ibembee kwa uhuru.

Kisha pembe. Krashi ikisimama juu na bapa, kijiti kinakutana na makali ya ukingo uso kwa uso. Iinamishe kidogo kukuelekea, na pigo liteleze kwenda pembeni badala ya kuzama ndani.

Ufa ukishaingia, unazibika?

Ukingoni unaweza kuchelewesha. Toboa tundu la milimita 3 hadi 5 mbele kidogo ya mwisho wa ufa unaoonekana, kwa kuwa ncha yake halisi huwa imekwenda mbele zaidi. Njia ya pili ni kukata sehemu yote iliyopasuka kwa umbo la mwezi mwandamo na kusugua makali kwa tupa mpaka yawe laini kabisa. Kona kali huzaa ufa mpya. Tumia mafuta, nenda polepole, usiache chuma kipate moto. Usichomelee kamwe. Joto hubadilisha ugumu wa shaba, na kinachobaki ni sahani tu.

Nisafishe kwa kutumia nini?

Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, ukifuata mduara wa mifereji. Suuza, kausha mara moja. Steli wuli inakwaruza, na dawa kali za kung'arisha shaba huondoa nembo na tabaka la kinga. Wapo wanaoacha uchafu kwa makusudi kwa sababu hupunguza wangavu, na wako sahihi. Lakini alama za vidole zenye jasho zifute baada ya kupiga, kabla hazijageuka madoa ya kijani. Kwenye begi weka kitambaa kati ya sahani moja na nyingine, na kubwa zaidi ikae nyuma.